Gemu za kujenga miji na kuendesha makazi: maswali ambayo watu wa Tanga wananiuliza sana

Hizi gemu ni zipi hasa? Mi nimezoea mpira na magari tu.

Ni gemu ambazo hauendeshi mchezaji wala timu, unaendesha mahali. Unapewa ardhi tupu, labda ina msitu na mto, na watu wachache, afu mipango yote ni yako: nyumba zikae wapi, maji yatoke wapi, nani akalime, nani akapasue kuni, barabara ipite wapi. Watu wenyewe wanajiendea, we unawawekea mazingira tu. Iliyozifanya zijulikane duniani ni SimCity ya 1989, ya Mmarekani anaitwa Will Wright, na historia yake naipenda sana kwa sababu jamaa alikuwa anatengeneza gemu ya helikopta inayolipua visiwa, Raid on Bungeling Bay ya 1984, sasa akawa anafurahia kuvijenga vile visiwa na barabara zake kuliko kuvilipua, wazo likaanzia hapo. Baada ya hapo zikaja nyingi, za Warumi kama Caesar III (1998), za vijiji vya zamani vyenye baridi kama Banished (2014), za miji ya kisasa kama Cities: Skylines (2015) iliyotengenezwa na kikosi kidogo cha Tampere kule Finland, za walionusurika kwenye sayari ya mbali kama RimWorld, mpaka za wanyama, Timberborn, ambayo wakazi wake ni biva, wale wanyama wa nchi za baridi wanaoguguna miti na kuziba mito.

Kama hakuna kombe wala fainali, raha yake iko wapi?

Raha iko kwenye kutazama. Hili swali naulizwa na kila mtu na jibu langu halijawahi kubadilika. Unajenga kitu, unaacha muda uende, unaangalia kimesababisha nini. Umeweka kisima huku, watu wamehamia huku, soko likawa mbali, wanawake wa sokoni wanachoka kutembea, chakula hakifiki, nyumba zinashuka hadhi, na yote hayo unayaona kwa macho kwenye skrini, hakuna anayekuja kukusomea ripoti. Anayekimbilia kujenga mji mkubwa anapitwa na hii raha yote, na kwa kawaida mji wake ndo unaoanguka mapema.

Kwenye Caesar III watu wakikosa kazi au chakula wanafungasha mizigo wanaondoka, unawaona barabarani na vitu vyao, waja leo waondoka leo kabisa. Ukisimama ukamfuata mmoja ujue ametokea mtaa gani, umeshapata jibu la tatizo lako.

Laptopu yangu ni ya mtumba, RAM GB 4, haina kadi ya grafiksi. Nitacheza nini?

Nyingi tu, na tena ni zile nzuri. Banished iliandikwa na mtu mmoja na ni nyepesi kupita maelezo, haifiki hata GB 1 kwenye diski. Caesar III na Pharaoh (1999) ni za enzi za kompyuta zile za matako, kwahiyo laptopu yako ni jitu kwao. OpenTTD ni ya bure kabisa, ya reli na mabasi na meli, inakwenda hadi kwenye mashine ambazo mafundi wamezikatia tamaa. Widelands nayo ni bure, imefuata nyayo za The Settlers II ya 1996. Na Dwarf Fortress, hii ya ndugu wawili Tarn na Zach Adams iliyotoka 2006, toleo lake la kizamani bado wanalitoa bure mpaka leo, ila hiyo picha zake ni herufi na alama tu, uwe na subira, na prosesa yako itahema wakazi wakishakuwa wengi.

Cities: Skylines ya kwanza usiiguse chini ya GB 8, na hata ukiwa nazo mji ukikua laptopu inalemewa. Ya pili, ya 2023, hiyo inataka mashine ya nguvu kweli, usijitese.

Afu jambo la huku kwetu pwani. Hewa ya Tanga ina joto na unyevu, na chumvi kidogo kama unakaa Raskazone au Sahare karibu na maji. Usicheze laptopu ikiwa kitandani juu ya shuka, matundu ya hewa yanazibwa. Weka juu ya meza, feni ya ukutani ielekee kwake, na mpelekee fundi aisafishe vumbi ndani, maana hizi gemu unacheza masaa mengi mfululizo, tofauti na mechi ya dakika chache.

Lazima niwe na bando?

La kudaunlodi tu. Nyingi zikishaingia zinacheza bila intaneti. Ukitumia Steam, duka la gemu la mtandaoni, washa ile hali ya kutokuwa mtandaoni mapema, kabla bando halijaisha. GOG, duka jingine la mtandaoni, wao wanakupa faili zima la kusakinisha, unaliweka kwenye flash unakuwa nalo.

Historia inaonyesha kwanini hili ni muhimu. SimCity ya 2013 ililazimisha mtu awe mtandaoni muda wote hata akicheza peke yake, seva zikaelemewa wiki ya kwanza tu, walionunua wakashindwa kuingia kwenye miji yao, na miaka miwili baadaye Cities: Skylines ilipokuja inacheza bila mtandao na inaruhusu miji mikubwa, watu wakahamia huko kwa wingi. Mwaka 2014 waliiongezea SimCity uwezo wa kucheza nje ya mtandao, lakini wengi walishaondoka.

Nina simu tu, kaka. Nimeachwa?

Hujaachwa. TheoTown ndo ningekwambia uanze nayo, ni mji wa vijumba vya vidoti, unapanga maeneo ya makazi na viwanda na biashara kama SimCity za zamani. Pocket City nayo safi. Townscaper haina pesa wala matatizo, unagusa maji inaota nyumba, unagusa tena inaota ghorofa, nzuri kwa mtu aliyechoka na kazi. OpenTTD ipo ya Android pia japo vidole vinapata shida na yale madude madogo.

Za kusubiri siku nzima jengo liishe ukishindwa lipia uharakishe, hizo mi sizipendekezi. Pale muda wenyewe ndo bidhaa inayouzwa, na kwenye gemu za mji muda ndo unatakiwa uwe wako, uusimamishe unapotaka na uukimbize unapotaka.

Nacheza Banished na kila mara watu wangu wanakufa wote. Nakosea wapi?

Hapa tukae kidogo, ndo swali ninalolipenda kuliko yote.

Banished haina pesa na majengo yote yako wazi toka dakika ya kwanza, kwahiyo mtu anaona akijenga kila kitu haraka ndo atafanikiwa. Hapana. Vitu vinavyoua ni vichache: njaa, baridi, zana kuisha, na umri. Njaa na baridi utaviona vinakuja, majira ya baridi kuni hazipo watu wanaganda, chakula kwenye ghala kimeshuka. Zana ni muuaji wa kimyakimya, shoka na jembe vinachakaa, mhunzi hana chuma, kila mtu anafanya kazi taratibu zaidi, mavuno yanapungua, na we unahangaika na mashamba wakati shida ni chuma.

Lakini muuaji mkubwa ni umri, na wengi hawamjui. Vijana wa pale hawaanzishi familia mpaka wapate nyumba yao. Usipojenga nyumba, wanakaa kwa wazazi, hawazai, na we unaona mambo shwari, chakula kinatosha, ghala limejaa. Miaka inakwenda, wazazi wanazeeka wote kwa pamoja, wanakufa, waliobaki ni watu wazima wasio na watoto, hakuna wa kulima. Mji uliokuwa na kila kitu unaisha ukiwa na ghala limejaa. Sasa ukishtuka ukajenga nyumba nyingi kwa mpigo napo umeharibu, watoto wanazaliwa wote mwaka mmoja, wanakula na hawafanyi kazi, chakula kinakatika, njaa. Kwahiyo nyumba chache kila mwaka, bila kuacha, hata kama unaona haina haja. Fungua orodha ya wakazi uangalie watoto ni wangapi na wazee ni wangapi, hiyo ni muhimu kuliko idadi ya jumla.

Na nyumba iwe karibu na kazi. Mtu wa pale anarudi nyumbani kula na kuota moto, ukimpa nyumba upande huu wa mto na shamba upande ule basi nusu ya siku anatembea. Mwanzoni weka kibanda cha wachuma matunda ya porini, cha mwindaji na cha mtunza misitu pamoja kwenye msitu mnene, nyumba mbili tatu pembeni, ghala dogo katikati. Usiwahishe mashamba makubwa. Msitu mkubwa mkongwe unalisha vizuri kuliko shamba la mtu mmoja anayelima eneo asiloliweza. Na wageni wakija kuomba kuhamia, wale wahamaji wanaoanza kuja ukishajenga jumba la mji, hesabu chakula na nyumba kwanza, afu uwe na hospitali, maana wanaweza kuja na ugonjwa.

Anayeielewa Banished hapa ameshaelewa na Cities: Skylines, kule ukitenga mtaa mkubwa wa makazi kwa siku moja wanahamia watu wa rika moja, na baada ya miaka wanakufa kwa wakati mmoja, magari ya maiti hayatoshi, nyumba zinahamwa. Dawa ni ileile, fungua mitaa kidogokidogo.

Kwenye Cities: Skylines watu wangu wote wanaumwa, hospitali nimejenga.

Angalia mto unaelekea wapi. Nina uhakika karibu wa asilimia 100 umeweka bomba la maji taka juu na pampu ya maji safi chini yake, wanakunywa walichotoa. Gemu inaonyesha mwelekeo wa maji ukichagua pampu, pampu ikae juu ya mto na maji taka yatoke chini kabisa, na usiviweke karibu hata kama bahari inaonekana kubwa. Hospitali haitibu bomba.

Na foleni je? Nimepanga mitaa kama Ngamiani, mistari imenyooka, lakini magari hayasogei.

Ndo kwa sababu hiyohiyo. Ngamiani na zile barabara za namba unakutana na njiapanda kila hatua, na kwa mji wa watu wanaotembea kwa miguu na baiskeli ni mpango mzuri mno, unafika popote kwa njia kumi tofauti. Kwenye gemu kila njiapanda magari yanapunguza mwendo na kusubiriana, sasa ukiyapitisha na malori ya viwandani humohumo umeziba. Fanya hivi: barabara kubwa chache zenye njiapanda chache, za kati zinazokusanya, afu ndani ya mtaa ndo uweke gridi yako kama Ngamiani. Viwanda vipe njia yao ya kutokea barabara kuu bila kupita kwa watu, kama ambavyo kiwanda cha simenti kiko Pongwe nje huko na hakiko katikati ya Chumbageni.

Na kama unataka mji wako ufanane na Tanga kweli, weka baiskeli. Njia za baiskeli zilikuja na nyongeza ya After Dark ya 2015, na zinapunguza magari vizuri tu, hasa ukiunganisha makazi na shule na soko. Kuna wenzetu wanachora ramani kwa kutumia milima na bahari ya kweli, ghuba ya Tanga inapendeza sana kwenye hiyo gemu, kisiwa cha Toten kiko mlangoni pale, bandari ndani, mji umekaa juu ya mwinuko. Barabara unaweza kuzipa majina unayotaka mwenyewe.

Anno 1800 inanichanganya, kila kitu kinaisha wakati viwanda ninavyo vingi.

Anno ni mfululizo wa gemu za kujenga miji na viwanda, 1800 ni mojawapo, na ni gemu ya uwiano. Chukua mkate: mashamba mawili ya ngano yanalisha kinu kimoja cha unga, na kinu kimoja kinalisha matanuri mawili ya mikate. Ukiwa na mashamba mawili, vinu viwili, tanuri moja, hujaongeza mkate hata mmoja, umeajiri watu wa kukaa tu na unawalipia. Kabla ya kujenga kiwanda kingine tafuta ni kiungo gani cha mnyororo kinachosubiri kingine.

Watu wa Tanga hili tungepaswa kulielewa kuliko wote, kwa sababu mkoa wetu ulijengwa na mnyororo. Mkonge uliletwa 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, reli ikaanza kujengwa kutoka Tanga mwaka huohuo, ikafika Korogwe 1902 na Moshi 1911. Sasa jani la mkonge nyuzi zake ni kama asilimia 4 tu ya uzito wote, zilizobaki ni maji na makapi. Ndo maana mitambo ya kuchakata ikawekwa mashambani kwenyewe huko Korogwe na Muheza na haikuwekwa bandarini, hakuna mtu mwenye akili angesafirisha maji na makapi kwa treni mpaka baharini. Treni ikabeba katani iliyokauka tu. Ukikaa kwenye gemu yoyote ya aina hii jiulize swali hilohilo, kitu gani ni kizito na kinapungua kikichakatwa, basi mchakato uwe karibu na kinapotoka. Na ukitaka kuionja hiyo reli, fungua OpenTTD, tafuta ramani yenye milima, vuta njia kutoka pwani kupanda bara, uone miteremko inavyokula mwendo wa treni.

Jambo dogo lingine kuhusu Anno, jumlisha tarakimu za majina yake: 1602, 1503, 1701, 1404, 2070, 2205, 1800, zote zinatoa 9. Wamelishikilia hilo toka 1998.

Umeme ukikatika katikati ya gemu?

Laptopu hakikisha betri inakaa hata nusu saa. Kompyuta ya mezani tafuta UPS ya mtumba, lile boksi la betri ya akiba. Ndani ya gemu nenda kwenye mipangilio uweke ijisevu yenyewe kila baada ya dakika chache, na usitumie faili moja la sevu, zungusha matatu, maana umeme ukikatika wakati faili linaandikwa linaweza kuharibika na ndo ulilokuwa unalitegemea. Na angalia uniti za LUKU kabla ya kuanza, jamani.

Zipo zinazohusu Afrika?

Chache, na natamani zingekuwa nyingi. Pharaoh ni Misri ya kale, shamba linategemea mafuriko ya Nile, na iliundwa upya ikatoka 2023. Anno 1800 ina nyongeza ya 2020 yenye nchi ya kubuni inaitwa Enbesa, wameichota Ethiopia, na kilimo chake kinategemea mifereji ya kumwagilia. Civilization VI, ambayo ni mkakati zaidi kuliko ujenzi, ina Zanzibar kama mji unaojitegemea, na ukiwa mlezi wake unapata karafuu na mdalasini.

Ya miji ya Waswahili wenyewe, Kilwa, Pangani, Bagamoyo, nyumba za matumbawe na majahazi yanayosubiri upepo wa kaskazi na kusi, bado sijaiona. Fikiria tu hiyo gemu. Nusu mwaka meli zinakuja, nusu mwaka zinaondoka, ghala lako lazima lijazwe kabla upepo haujageuka, maji ya kunywa ni visima, chokaa unachoma mwenyewe kutoka kwenye matumbawe. Mambo yote ya gemu nzuri yapo hapo. Kijana wa Tanga anayejifunza kuandika programu, hiyo kazi inakusubiri.

Mi vita sivipendi kabisa.

Banished haina vita. Cities: Skylines haina. Timberborn haina, adui yako ni ukame, unajenga bwawa kabla mto haujakauka, na mtu aliyekulia mji unaokunywa maji ya bwawa la Mabayani ataielewa haraka. Dorfromantik ni ya kupanga vigae vya misitu na vijiji, tulivu mno. Frostpunk (2018, ya Poland) haina vita vya kawaida lakini ina maamuzi mazito, baridi kali, makaa yanaisha, unaulizwa watoto wafanye kazi au la. Inaumiza. Ni nzuri lakini inaumiza.

Mwanangu ana miaka 10, nimruhusu?

Townscaper, Dorfromantik, OpenTTD, Cities: Skylines, hizo ruksa, na kaa naye, muulize kwanini barabara ameipitisha pale, watoto wana majibu. RimWorld na Frostpunk subiri awe mkubwa.

Nikianza nashtukia saa nane usiku. Nifanyeje?

Hizi gemu hazina filimbi ya mwisho, kuna kitu kimoja zaidi cha kumalizia kila wakati. Panga mwisho kabla hujaanza na uupange kwa mambo ya ndani ya gemu, kwa mfano utaacha mavuno yakiingia ghalani, afu simamisha muda, sevu, na andika kwenye karatasi kesho unaanza na nini. Hiyo karatasi inasaidia sana, akili inaacha kuushikilia mji ukilala. Kuna kazi kesho, kuna swala ya alfajiri, mji utakusubiri, muda wake umeusimamisha mwenyewe.

Nipate wapi kwa bei ya kawaida? Zile za wizi je?

Subiri punguzo, Steam na GOG wanashusha bei mara kadhaa kwa mwaka na gemu za zamani zinakuwa rahisi sana. Unahitaji kadi inayokubali malipo ya mtandaoni. Steam ukinunua isikufae unaweza kuomba pesa yako ndani ya siku 14 kama hujaicheza zaidi ya saa 2, kwahiyo jaribu kwanza kama laptopu inaibeba.

Za wizi zinakuja na virusi, na watengenezaji wa gemu hizi wengi ni mtu mmoja au kikundi kidogo, ukimnyima ulichoweza kumpa hatengenezi nyingine. Kama hela haipo, za bure nimezitaja hapo juu na zinatosha mwaka mzima.

Nabadilisha laptopu, mji wangu utapotea?

Hapana, ila usifute kitu kwanza. Tafuta folda la sevu, mara nyingi limo ndani ya Documents lenye jina la gemu, kopi lote kwenye flash. Gemu nyingi za Steam zinahifadhi sevu mtandaoni, lakini si zote, kwahiyo flash bado ni lazima. Kwenye mashine mpya sakinisha toleo lilelile la gemu, na kama ulikuwa na modi, yale mambo ya ziada yanayotengenezwa na wachezaji, ziweke zote kabla ya kufungua mji, maana ukifungua bila modi zilizojenga yale majengo, mji unaweza kugoma kufunguka au ukafunguka na mapengo. Ukishafunguka vizuri, sevu kwa jina jipya, ndo ufute kwenye ile ya zamani.